KUTIA SAINI NI KUJIFUNGA NA KUWAFUNGA WENGINE

*Maneno ya uongozi wa tawi kwenye kikao cha Jumapili, kwa wanachama wote*



Jumapili iliyopita tulikutana pale ofisini tukiwa wachache. Mvua ilikuwa imekata njia ya wenzetu wanaoteremka kutoka mlimani, na wengine walikuwa shambani. Lakini tuliyoyasema siku ile yanamhusu kila mwenye kadi ya tawi hili, kwa hiyo tumeyaandika na kuyatuma hapa. Ni marefu kidogo. Tunawaomba myasome mpaka mwisho, kwa sababu habari yenyewe ni ya watu waliopewa karatasi na hawakuisoma mpaka mwisho.

Watu hao ni sisi viongozi wenu.

*1. Kilichotokea*

Mnakumbuka mwaka jana tuliwaambia kwamba mbele ya kiwanja cha ofisi yetu zitajengwa fremu sita za biashara. Mlifurahi, na sisi tulifurahi. Mfanyabiashara mmoja alikuja na pendekezo: yeye atajenga kwa fedha zake, atapangisha, atarudisha gharama zake, na tawi litapata kodi kila mwezi bila kutoa hata shilingi. Alituletea rasimu ya mkataba yenye kurasa nne. Akatuachia kwa wiki nzima, akasema tuisome, tukiwa na swali tumpigie.

Hatukumpigia. Tulisoma ukurasa wa kwanza wenye majina ya pande mbili, tukaruka mpaka ukurasa wa mwisho wenye nafasi za saini. Mwenyekiti akasaini, Katibu akasaini, Mweka Hazina akasaini, tukagonga mhuri wa tawi, tukapiga picha. Picha ile mliiona humu humu kwenye kundi.

Mwezi uliopita upepo uliezua mabati ya fremu mbili. Baada ya siku tatu tukaletewa barua: tawi linadaiwa shilingi 1,350,000 za kuezeka upya, kwa mujibu wa kifungu cha 9. Tulipokwenda kufungua faili ndipo tulipokisoma kifungu cha 9 kwa mara ya kwanza. Kinasema matengenezo makubwa ni juu ya mwenye kiwanja. Siku hiyo kwenye akaunti ya tawi kulikuwa na shilingi 412,000.

Basi tukaketi, tukausoma mkataba wote. Kifungu cha 4 kinampa fremu zote sita kwa miaka 12, na sisi tunapata shilingi 60,000 kwa mwezi. Kifungu cha 5 kinasema miaka 12 ikiisha, mkataba unaendelea wenyewe kwa miaka 12 mingine, isipokuwa kama tumetoa taarifa ya maandishi miezi 6 kabla. Kifungu cha 11 kinasema viongozi waliosaini wanathibitisha kwamba wamesoma, wameelewa, na wamepewa mamlaka kamili na wanachama.

Ndugu wanachama, Katibu wenu ana stashahada ya uhasibu. Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la saba. Kila fremu imepangishwa kwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Fremu sita ni 600,000. Akitulipa 60,000 zetu, anabaki na 540,000. Alisema ujenzi ulimgharimu milioni 18. Kwa 540,000 kila mwezi, milioni 18 zinarudi katika miezi 34, haijafika hata miaka mitatu. Mkataba ni wa miaka 12. Katika muda huo fremu zitaingiza shilingi milioni 86.4, na sisi tutapata milioni 8.64. Hata tukitoa kodi ya serikali na miezi ambayo fremu hukaa bila mpangaji, bado sehemu yetu ni ndogo mno, na kila paa likiezuliwa tunairudisha kwake.

Hesabu hiyo ilichukua dakika tano. Tulikuwa na wiki nzima.

Tunataka kusema haki: yule bwana hakutudanganya. Hakutulewesha, hakutukimbiza, hakuficha ukurasa. Alikuja na maslahi yake yameandikwa vizuri. Yetu hayakuandikwa kwa sababu sisi tuliotumwa kuyaandika hatukuyaandika.

*2. Tulivyomcheka Mangungo*

Hapa mkoani kwetu mtu akisaini jambo la kijinga huitwa Mangungo. Nchi nzima husema hivyo. Mkataba wa madini ukilalamikiwa, mtasikia bungeni na vijiweni: “Akina Mangungo wa leo.” Sisi wenyewe tumelitumia jina hilo kwenye mikutano yetu, tena kwa sauti kubwa. Kwa kuwa tumejiona katika hadithi ile, tumeona tuisimulie upya kwa utaratibu, maana wengi tunajua jina tu.

Msovero ya Mangungo iko mkoani kwetu, upande wa Kilosa. Mwaka 1884 kijana wa Kijerumani wa miaka 28, Carl Peters, alitoka Zanzibar akavuka bara na wenzake wachache. Walikuwa wa chama kilichoanzishwa mwaka huo huo huko Ujerumani kwa ajili ya kutafuta makoloni. Katika majuma machache walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, wakikusanya mikataba. Ukami ni upande wetu huu, chini ya Uluguru. Tarehe 29 Novemba 1884 walikuwa Msovero.

Mkataba wa siku ile uliandikwa kwa Kijerumani. Ulianza kwa kutaja urafiki wa milele. Kisha ukasema kwamba Mangungo, kwa niaba yake na ya watu wake wote, anatoa nchi yake yote na haki zake zote kwa Peters na chama chake, kwa muda wote. Upande wa Peters uliahidi kitu kimoja: kwamba wakati wa kuitawala Usagara, Msovero itaangaliwa kwa namna ya pekee. Mkalimani aliyeitwa Ramazan alitajwa kwamba ndiye aliyeyafafanua maneno hayo kwa uwazi. Peters akaweka saini, Mangungo akaweka alama, na mashahidi wakaweka zao.

Katika mkataba ule kuna sentensi moja ambayo sisi watu wa tawi tunapaswa kuikariri. Inasema Mangungo alipoulizwa alijibu kwamba hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata kuwapo kwa Sultani huyo hakukujua.

Jiulizeni: sentensi hiyo iliandikwa isomwe na nani? Watu wa Msovero hawakuhitaji kuambiwa kiongozi wao anamjua nani na hamjui nani. Iliandikwa isomwe Berlin na Zanzibar, ili siku Sultani Barghash akidai nchi ile ni yake, ajibiwe kwa karatasi. Na kweli alilalamika mwaka uliofuata, na karatasi ikatolewa, na mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya Zanzibar kuisaidia karatasi. Sultani akakubali.

Sasa rudini kwenye kifungu chetu cha 11: viongozi wamesoma, wameelewa, wamepewa mamlaka. Kifungu hicho nacho hakikuandikwa tukisome sisi. Kiliandikwa kwa ajili ya hakimu. Siku tukisema hatukusoma, hakimu ataonyeshwa saini zetu tatu chini ya maneno yanayosema tulisoma.

*3. Nani alimtuma nani?*

Watu husema kosa la Mangungo lilikuwa kutojua kusoma. Sisi tumefikiri sana wiki hizi, na tunaona jambo ni kubwa kuliko hilo.

Peters naye hakuwa ametumwa na serikali yake. Alipofika Zanzibar aliarifiwa kwamba serikali ya Ujerumani haitampa ulinzi wowote kwa safari ile. Kwa hiyo siku ya Msovero waliketi watu wawili, na kila mmoja alikuwa anawafunga wengi ambao hawakumtuma kufanya hivyo.

Tofauti ilikuja baadaye. Peters alirudi kwao na karatasi zake, akazipeleka kwa wakubwa, zikasomwa. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari alitoa hati ya ulinzi iliyozitaja Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Yaani upande mmoja ulisaini kwanza, ukaridhia ndani ya miezi mitatu. Upande wa pili, mkulima wa Msovero aliyekuwa akipalilia mtama wake hakuulizwa siku ile wala siku nyingine yoyote. Aliambiwa na bunduki.

Ndiyo maana tunaona si haki kumbebesha Mangungo peke yake. Sheria yetu ya leo, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema watu wameafikiana pale wanapokubali jambo moja kwa maana ileile, na ridhaa iwe huru, bila kulazimishwa, kudanganywa wala kupotoshwa. Kwa kipimo hicho, Msovero hakukuwa na mkataba. Mmoja alikuwa anapokea mgeni na kufanya urafiki, mwingine alikuwa anachukua nchi. Lakini nani angempelekea hakimu shauri hilo mwaka 1885?

Sisi tuna hakimu, tuna sheria iliyotafsiriwa, tuna shule, tuna miwani, na tuna simu yenye taa ya kusomea usiku. Mangungo alishindwa kusoma. Sisi tuliona uvivu. Na hakimu hatatusaidia kwa sababu ya uvivu, maana mtu mzima anayejua kusoma akisaini, sheria inamchukulia kwamba ameyakubali yaliyomo.

*4. Mtia saini ni nani?*

Tumeitwa mara nyingi “watia saini” bila kulifikiri neno lenyewe. Benki wanasema akaunti ya tawi ina watia saini watatu, tunaitika kama cheo. Si cheo. Ni mzigo, na una sehemu tatu.

Kwanza, *awe ametumwa*. Anayesaini kwa jina lake hujifunga mwenyewe. Anayesaini kwa jina la kikundi hufunga watu wasiokuwapo mezani, na baadhi yao hawajajiunga bado. Kijana atakayechukua kadi ya tawi hili miaka kumi ijayo atalikuta paa tunalodaiwa sisi. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao.

Wazee wetu wa Uluguru hawahitaji kufundishwa hili. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ya ukoo hupita upande wa mama, na mtu mmoja haamki asubuhi akaiuza kama jogoo wake. Ukoo hukaa kwanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo imekwenda njia hiyohiyo: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Bunge letu nalo, kwa ibara ya 63 ya Katiba, lina kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya nchi ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Kuanzia ukoo mpaka taifa, wazo ni moja: saini ya kiongozi ni mwanzo, ridhaa ya wenye mali ndiyo inayoikamilisha.

Sisi tulikuwa na kikao cha halmashauri ya tawi kilichosema wazo la fremu ni zuri. Muhtasari upo. Lakini wazo zuri si mkataba, na mkutano mkuu wa tawi haukuitishwa. Tena mali za chama, kwa Sheria ya Vyama vya Siasa, ziko chini ya Bodi ya Wadhamini. Ilitupasa kuandika barua kwenda ngazi za juu kabla ya kugusa kalamu. Hatukuandika. Kwa hiyo kifungu cha 11 tulipokisaini tulisema jambo ambalo halikuwa kweli.

Pili, *awe ameelewa*. Na kuelewa si kusoma maneno tu. Ni kukiuliza kila kifungu: wewe umewekwa hapa kwa ajili ya siku gani? Kifungu cha matengenezo kimewekwa kwa ajili ya siku ya upepo. Kifungu cha taarifa ya miezi 6 kimewekwa kwa ajili ya siku ambayo wote tuliosaini tutakuwa tumetoka madarakani na hakuna anayekumbuka tarehe. Mkataba huandikwa siku watu wanapocheka pamoja, lakini kazi yake huanza siku wasipocheka.

Tatu, *arudi kusema*. Mtia saini aliyetumwa na watu hajamaliza kazi anapoweka kalamu chini. Anarudi na nakala, anaisoma mbele ya waliomtuma, na nakala inakaa mahali ambapo kila mmoja anaweza kuiona. Sisi tulirudi na picha. Nakala ya mkataba ilikaa kwenye droo iliyofungwa kwa ufunguo miezi 14. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililofungiwa ni sawa na kutokuwapo.

Tunaongeza moja fupi: kutosaini pia ni uamuzi. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya nchi za Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Tanzania haikutia, na Novemba mwaka huo Bunge likashauri tusitie. Wapo waliosifu na wapo waliolaumu, na hilo si la leo. Tunachosema ni kwamba jirani akishika kalamu, hujalazimika kushika yako.

*5. Karatasi zinazopita mikononi mwenu*

Msidhani haya ni ya viongozi peke yao. Tangu Jumapili wanachama kadhaa wametuletea karatasi zao tuwasaidie kuzisoma, na tumeona mengi. Hatutaji mtu. Tunataja aina za karatasi, ili kila mmoja ajichunguze.

*Udhamini wa mkopo.* Mwenzako kwenye kikundi anakuomba “unisainie tu hapa”. Saini ya mdhamini ina maana moja: asipolipa yeye, utalipa wewe. Kwa hii mikopo ya kausha damu, ambayo riba yake hukua kila wiki, unaweza kupoteza friji kwa deni ambalo hukuonja hata senti yake. Kabla ya kusaini, jiulize: ningekuwa nayo fedha hii, ningempa bila kutegemea kuirudishiwa? Kama jibu ni hapana, usisaini.

*Pikipiki ya mkataba.* Vijana wetu wa bodaboda, someni inasemaje ukiugua au pikipiki ikikamatwa. Wengi mnahesabu marejesho ya kila siku, hamuangalii kifungu kinachosema ukikosa siku kadhaa pikipiki inarudi kwa tajiri na yote uliyolipa yanapotea. Na kila unapolipa, chukua risiti au mwandikishane. Neno la mdomo halisimami mbele ya karatasi.

*Mazao yaliyo bado mtini.* Wenzetu wa karafuu, iliki, pilipili manga na mdalasini huko Matombo na Kinole: mnunuzi anakuja wakati wa njaa, anatoa fedha ya ada za shule, mnaandikiana kilo kwa bei ya siku hiyo. Mavuno yakifika bei imepanda na wewe unadaiwa kilo, si fedha. Kama ni lazima kupokea, andikeni kwamba deni ni fedha, au kwamba bei ni ya siku ya kupima.

*Nyumba na kiwanja.* Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume wala mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Akina mama, mkiletewa karatasi ya ridhaa kutoka benki, hiyo si karatasi ya heshima kwa mume. Ni haki yenu ya kusema ndiyo au hapana.

*Karatasi ya mahudhurio.* Hii ndiyo inayotutia hofu kuliko zote. Mnaitwa mkutano, mnapewa soda, inapitishwa karatasi mwandike jina na saini. Siku ya pili mnaambiwa mlikubali jambo. Kabla ya kusaini mahudhurio, angalieni kichwa cha karatasi kimeandikwa nini. Kama hakina kichwa, andikeni wenyewe juu: “Mahudhurio tu”. Wakikataa, mmeshajua ilikuwa karatasi ya nini. Anayeweka dole gumba naye asomewe kwa sauti, na mtu anayemwamini yeye, si aliyeletwa na mwenye karatasi. Ramazan wa Msovero alikuja na msafara wa Peters.

Na ridhaa isiyotoka kwa watu, hata ikipitishwa ofisini, haidumu. Wazee wetu waliishuhudia hapa mlimani. Miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza ilileta mpango wa kuchimba matuta ya ngazi Uluguru ili kuzuia mmomonyoko. Kuhifadhi udongo si jambo baya. Lakini lilikuja kama amri kupitia utawala wa machifu, na watu wakachimbishwa. Mwezi Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukaachwa. Uhai wa mtu ulipotea kwa jambo ambalo lingeanza kwa kuuliza.

*6. Tunachopendekeza*

Tungeweza kutafuta mlango wa kutokea. Tumeshauriwa na baadhi ya wenzetu tuseme hatukuwa na mamlaka, kwa hiyo mkataba ni batili, tuwafukuze wapangaji tuchukue fremu. Pengine mwanasheria anaweza kulijenga shauri hilo. Lakini yule bwana aliweka milioni 18 kwenye kiwanja chetu kwa sababu watu watatu wenye mhuri walimwambia wana mamlaka. Tukimgeuka leo kwa kosa tulilolifanya sisi, hakuna atakayekubali tena karatasi yenye mhuri wa tawi hili. Neno letu nalo ni mali ya tawi.

Kwa hiyo tunaleta mbele yenu mambo matano.

Moja: mkataba wote, kurasa nne, umepigwa picha na utatumwa hapa baada ya ujumbe huu. Nakala ngumu imebandikwa ukutani ofisini. Someni, andikeni maswali.

Mbili: tumeandika barua kwa uongozi wa juu wa chama kueleza tulichofanya, ili nao waseme la kwao kuhusu mali ya chama. Nakala ya barua imebandikwa pia.

Tatu: Jumapili ijayo saa 9 alasiri ni mkutano mkuu wa tawi. Ajenda ni mbili tu. Kwanza, kuchagua watu watano wa kwenda kuzungumza upya na mfanyabiashara. Tunapendekeza waombe muda upungue, sehemu yetu iongezeke gharama zake zikisharudi, na matengenezo yagawanywe. Watano hao hawatakuwa na ruhusa ya kusaini. Wataleta rasimu, itasomwa kwa sauti mbele ya mkutano, kifungu kwa kifungu, na chama kikisharidhia kwa ngazi zake ndipo isainiwe.

Nne: kuanzia sasa hakuna kiongozi wa tawi hili atakayesaini jambo lolote linalozidi mwezi mmoja au linalogusa kiwanja, bila muhtasari wa mkutano wa wanachama kuambatanishwa nyuma yake.

Tano, ambayo ndiyo ajenda ya pili: sisi watatu tuliosaini tunaiweka dhamana yetu mikononi mwenu. Mkiona tuendelee mpaka jambo hili liishe, tutaendelea. Mkiona tukae pembeni, tutakabidhi vitabu, mhuri na ufunguo wa droo siku hiyo hiyo. Deni la paa tumeanza kulichangia sisi wenyewe. Kila mmoja ametoa shilingi 150,000, stakabadhi zipo kwenye faili. Hatusemi hilo limelifuta kosa.

Neno la mwisho. Jumatano tulikwenda kwa yule bwana kumwambia tunataka kukaa upya. Tulikwenda tukiwa na aibu, tukitegemea atatuonyesha mlango. Alitusikiliza, akasema yuko tayari kuzungumza. Kisha akauliza swali ambalo hatukuulizwa na mtu yeyote mwaka jana, wala hatukujiuliza wenyewe:

“Safari hii wanachama wenu wanajua?”

Tulimjibu kwamba kufikia Jumapili mtakuwa mmejua. Basi sasa mmejua. Njooni, na kila mmoja aje ameusoma mkataba mpaka ukurasa wa nne.



*Imetolewa na Katibu wa Tawi kwa niaba ya uongozi wa tawi, Morogoro*